Santuri Zenye Pengo

Sihaba aliporudi kutoka Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla hapo Guangzhou, mikono yote miwili imejaa sampuli za penseli na vifutio, alikuta kona ya sebule iko wazi, akamshukuru Mungu. Wiki nzima kona ile ilikuwa imezibwa na maboksi ya nguo za watoto yaliyopangwa mpaka karibu na dari, na kila aliyetaka kwenda jikoni ilimbidi apite ubavu ubavu. Sasa watu wa kago walikuwa wamekuja na kuondoka, na sakafu ilikuwa inaonekana. Alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akanyoosha miguu. Raha yenyewe haikudumu hata akamaliza kufungua vifungo vya koti.

"Gharib," aliita. "Boksi la chini ya dirisha umelihamishia wapi?"

Mumewe alikuwa jikoni anakaanga mayai, maana Gharib ni mtu wa Unguja asiyeona haya kushika mwiko. Alijibu bila kugeuka kwamba hajui boksi gani, wapagazi wa Mutua wa kago walikuja na kigari chao, naye akawaambia wachukue kila lenye alama, kama siku zote. Akaongeza kwamba safari hii walikuwa wepesi, hata chai hawakungoja.

"La chini ya dirisha lilikuwa la Baba Liang," alisema Sihaba. "Ndani mlikuwa na santuri zake."

Basi mayai yale yaliungua. Gharib alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale dirishani, akaangalia alama ya pembe nne iliyobaki kwenye vumbi la sakafu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama boksi la Mzee si lile lililochakaa, lenye kamba. Sihaba akamwambia lile la kamba lilikuwa limelowa chini, limeanza kupasuka, ndipo yeye kwa huruma yake akazitoa santuri, akazifuta, akazihamishia kwenye boksi kavu. Na boksi kavu katika nyumba ile lilikuwa la aina moja tu.

Maana Sihaba alikuwa na desturi yake. Kila mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kutoka Guangzhou ana alama yake, herufi kubwa za wino mweusi zinazoandikwa ubavuni mwa boksi, na kwenye maghala watu humjua mtu kwa herufi hizo kuliko kwa jina alilopewa na babake. Alama ya Sihaba ilikuwa SHB, na chini yake DAR. Wenzake huandika baada ya kufunga mzigo. Yeye, kwa kupenda kurahisisha mambo, aliandika maboksi matupu rundo zima kwa mpigo mmoja, kisha nyumba ikayatumia kwa kila kitu. Vitunguu vilikaa ndani ya SHB. Viatu vya mvua vilikaa ndani ya SHB. Gharib aliwahi kumtania kwamba siku moja atalala kwenye boksi aamkie Kariakoo. Leo hakuna aliyekumbuka utani huo, na kama walikumbuka hawakusema.

&nbsp;

Baba Liang ndiye mwenye nyumba. Alikaa chini, wao ghorofa ya tatu, na kwa miaka waliyokaa pale hakuwahi kuwapandia ngazi kuwagombeza. Mwezi wa tatu, kuta za Guangzhou zinapotoa jasho na nguo zikakataa kukauka, chumba chake cha chini hugeuka kisima. Mwaka huu ilitokea alazwe wakati huohuo, abadilishwe nyonga, akaogopa kuziacha santuri zake chini. Alimwomba Gharib amtunzie juu. Hakumwomba bintiye, ambaye alikuwa anakaa Foshan na alikwishasema zamani kwamba takataka zile zitupwe.

Zilikuwa santuri za bluzi, za wale Wamarekani weusi waliotoka kwenye mashamba ya pamba ya kusini wakahamia Chicago kutafuta kazi za viwandani, wakachomeka magita yao kwenye umeme ili wasikike ndani ya vilabu vyenye kelele. Gharib alikuwa mpiga akodiani wa taarabu kabla ya biashara kumla, na jioni nyingi alishuka akakaa na mzee wasikilize. Akirudi juu alikuwa na habari. Muddy Waters aliendesha lori alipofika mjini, akawa anapiga gita baada ya kazi. Little Walter alishika harmonika, kile kinanda cha mdomo, na kipaza sauti pamoja ndani ya viganja, ndiyo maana ile harmonika inalia kama kitu kikubwa kuliko harmonika. Na kuna mtu nyuma kwenye piano, Otis Spann, ambaye hakuna anayemtaja, lakini ukimtoa yeye wimbo wote unakaa vibaya. Gharib aliwapenda hasa hao wa nyuma. Sihaba alikuwa akimsikiliza huku anakunja fulana, akamuuliza kama huyo wa piano angeweza kumsaidia kufunga mzigo.

Kwa kweli zile nyimbo hakuzipenda. Alisema ni wazee wanaolalamika. Lakini siku alipozifuta, alizishika moja moja, akaona jambo ambalo Gharib hakuwahi kumweleza: kila santuri ilikuwa na pengo pembeni, imekatwa kwa msumeno, kama sikio la mbuzi lililotiwa alama. Alimuuliza Gharib jioni ile, naye akamweleza. Zilikuwa zimeingia China kama plastiki chakavu. Huko Ulaya na Marekani, santuri na kanda zisizouzwa zilikatwa pembeni ili zisiuzwe tena, zikapakiwa kwenye makontena, zikaletwa huku mkoani ziyeyushwe. Mke wa Baba Liang, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mchambuzi kwenye kiwanja kimoja cha plastiki. Hakujua kusoma Kiingereza. Lakini mumewe ujanani alipiga harmonika kwenye kikundi cha wafanyakazi kiwandani, na siku moja yeye akaona kwenye lundo jalada lenye picha ya mtu mweusi aliyeshika harmonika, akalificha chini ya kikapu cha chakula. Kuanzia hapo akawa anamtafutia. Wimbo wa kwanza wa kila upande ulikuwa umeliwa na pengo, hauchezi. Iliyobaki ilicheza.

&nbsp;

Ofisi ya Mutua ilikuwa Sanyuanli, ghorofa ya chini ya jengo la maduka ya jumla, na asubuhi ile ilikuwa imejaa watu. Mutua mwenyewe, Mkamba mnene mwenye simu tatu, alimsikiliza Sihaba mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Mathe, hiyo kontena ilitoka jana," alisema. "Iko bandarini na imepigwa sili. Ndani mna mizigo ya watu kibao. Nikisema ifunguliwe, forodha watauliza mbona. Halafu wataniuliza santuri ziliandikwa wapi."

Hazikuandikwa popote. Boksi lile lilikuwa limesafiri kama nguo za watoto, sawa na ndugu zake. Mfanyabiashara mmoja wa Kikongo aliyekuwa amekaa kwenye marobota aliuliza kwa Kiswahili cha Lubumbashi kama ni santuri kweli au kuna kitu mama hataki kukitaja, na watu wakacheka. Mwingine akasema santuri siku hizi za nini, simu zipo. Sihaba alisimama pale katikati na mkoba wake kifuani, yeye aliyezoea kuingia ofisi ile akipishwa kiti, akajisikia mdogo. Mutua aliona. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia kwa upole kwamba boksi halijapotea, litafika Dar kama mengine, ila kulirudisha China yeye hawezi. Mizigo kutoka huko kuja huku si biashara yake, na kifurushi cha santuri kikifunguliwa forodha kinaweza kukaa mpaka kikasahauliwa.

Kwenye treni ya chini ya ardhi wakirudi, Gharib, aliyekuwa amemsubiri nje, alikuja na wazo. Mtandaoni santuri hizo zipo, alikwishatazama. Wangenunua zilezile, jalada kwa jalada, waziweke kwenye boksi la zamani na kamba yake. Mzee akirudi azikute. Alisema maneno hayo huku anaangalia miguu yake.

"Zitakuwa na pengo?" aliuliza Sihaba.

Santuri nzima, mpya, inayocheza mpaka wimbo wa kwanza, ndiyo ingewaumbua siku hiyohiyo. Na hata kama wangezikata kwa msumeno wao wenyewe, nani aliyekumbuka kila pengo lilikaa wapi? Mzee alikumbuka. Alikuwa akishusha sindano kwa kidole pale pale baada ya pengo, bila kutazama.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hawakulisema ndani ya treni, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanalifikiria. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha mwezi wa tano. Bila mkataba mpya hakuna karatasi ya makazi kutoka kituo cha polisi, na bila karatasi ya makazi viza ya Sihaba haiongezwi. Mwenye nyumba ndiye anayetia sahihi. Binti yake alikuwa akimshikilia muda mrefu awaondoe wageni, na mzee alikuwa akimjibu kwamba wageni hawa ni watu wazuri.

&nbsp;

Baba Liang alirudi siku ya Alhamisi, anatembea kwa fremu ya chuma, bintiye Lan ameshika mifuko ya dawa nyuma yake. Gharib alisema wangoje apumzike, wamwambie baada ya Ijumaa. Sihaba akakataa. Alijua akilala nalo siku mbili litaanza kutafuta sura nyingine, litakuwa kosa la wapagazi, au la unyevu, au la Mutua. Gharib akajitolea kwenda yeye, kwa kuwa Kichina chake kilikuwa bora. Hilo nalo Sihaba alilikataa. Boksi lilikuwa lake na herufi zilikuwa zake.

Alishuka ngazi na lile boksi bovu la mzee mkononi, limekunjwa, na kamba yake juu. Kichina cha Sihaba kilikuwa cha sokoni. Alijua kusema ghali, punguza, rangi hii siitaki, bosi niangalie. Neno la kumwomba mtu radhi kwa kitu kisicholipika hakuwahi kulihitaji. Basi alisema kwa maneno aliyokuwa nayo, amesimama mlangoni, maana Lan hakumkaribisha ndani.

"Baba Liang, santuri zako sinazo. Boksi lako lilikuwa limelowa, nikazitia kwenye boksi langu. Niliandika jina langu juu. Watu wa mzigo wamelichukua. Sasa ziko baharini, zinakwenda kwetu."

Mzee aliangalia kile kipande cha boksi. "Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Zenyewe zililowa?"

"Hapana. Boksi tu. Zenyewe nilizifuta moja moja."

Alitikisa kichwa taratibu, akakishika kitasa, akafunga mlango. Hakuubamiza. Ungekuwa umebamizwa Sihaba angejua la kufanya, maana kugombana alikuweza. Alibaki kwenye giza la ngazi, akasikia ndani Lan anaanza kupaza sauti, na sauti ya mzee haikusikika kabisa.

&nbsp;

Ikaanza miezi mibaya. Baba Liang hakupiga muziki, kwa sababu hakuwa na wa kupiga, na nyumba ile ambayo jioni ilikuwa na gita chini na harufu ya bizari juu ikawa ya harufu tu. Sihaba hakuwahi kufikiri angetamani kuwasikia wale wazee wakilalamika. Akipita kwenye mlango wa mzee alipunguza mwendo. Alimpikia uji wa mchele na tangawizi, akauacha mlangoni ndani ya kibakuli chenye mfuniko. Kibakuli kilirudishwa kimeoshwa, kimewekwa kwenye ngazi ya kwanza, bila neno.

Lan ndiye aliyesema. Alimkuta Sihaba kwenye lango, majirani wanachagua mboga kwenye baiskeli ya muuzaji, akamwambia mbele yao kwamba baba yake anawatetea watu waliojaza nyumba maboksi mpaka wakabeba na mali yake mwenyewe. Mwezi wa tano mkataba unaisha na hautaongezwa. Hakuwa mwanamke mwovu. Alikuwa na kazi, na watoto, na baba mwenye nyonga ya chuma aliyekuwa hali chakula vizuri tangu ile Alhamisi, na mtu wa kulaumiwa alikuwa amesimama mbele yake na mfuko wa vitunguu. Majirani waliinamia mboga. Sihaba alipanda juu akafunga mlango, akalia, kisha akanawa uso akaenda sokoni.

Walianza kutafuta nyumba. Dalali aliwapeleka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi karibu na jengo la Tianxiu, kwenye chumba ambacho kwenye simu kilikuwa wazi. Mwenye chumba aliwaona wakipanda ngazi, ufunguo uko mkononi mwake, akasema "meiyou", hakuna, kimechukuliwa. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu mwenyewe hata hakujitokeza. Gharib alianza kusema kwamba huenda arudi Sihaba peke yake Dar kwanza, yeye abaki kumalizia oda, wataona. Sihaba akamwambia akome. Biashara ile alikuwa ameijenga kwa miguu yake, duka kwa duka, mpaka wauzaji wa Yide Lu wakamjua kwa jina, na hakuwa tayari kuondoka Guangzhou kwa ajili ya wino wa kalamu.

Ndipo Dalila alipopiga simu kutoka Kariakoo. Dalila ni mdogo wake, ndiye anayepokea mizigo na kuuza.

"Da Sihaba," alisema, "nimefungua boksi la mwisho. Wewe umeniletea nini? Hizi nguo za watoto mbona zina shimo katikati?"

Sihaba alikaa chini sakafuni. Aliuliza kama zimevunjika, akaambiwa hazikuvunjika. Aliuliza zimelowa, akaambiwa kavu kama kaimati za jana. Alimwambia Dalila asizishike, asiziuze, asimwonyeshe mtu. Dalila akasema mwenye saluni ya jirani amekwishaziona, anataka kuzitundika ukutani, na bei anayotoa si mbaya. Dada yake alimjibu maneno ambayo hapa hayaandikiki, na saluni ile ikabaki na kuta zake tupu.

&nbsp;

Kuzirudisha ikawa kazi ya watu. Wabongo wa Guangzhou wana utaratibu wao: anayetoka nyumbani habebi vyake peke yake. Huyu atabebeshwa unga wa muhogo, yule pweza mkavu, yule mwingine dawa ya tumbo kutoka kwa bibi wa fulani, na kila kilo ya begi ina mwenyewe kabla begi halijafungwa. Sihaba aliingia kwenye kundi la simu la akina mama wa biashara akaomba jambo lisilowahi kuombwa: aliyekuwa na kitu chake njiani akubali kukikosa, santuri zikae mahali pake. Alieleza kila kitu, hata alama, hata mlango uliofungwa. Alijua atachekwa, na alichekwa. Mmoja akaandika kwamba unga wake wa muhogo unatolewa begini kumpisha mzee wa Kimarekani aliyekufa, na yeye hajala ugali wa muhogo tangu Ramadhani. Lakini baada ya kucheka wakaanza kujibu, fulani anaruka Jumanne, fulani ana nafasi ya tatu nne, fulani atazibeba mkononi.

Wa kwanza alikuwa Benedicta, muuza magauni kutoka Moshi. Alifika nyumbani kwa Sihaba na begi lake la mgongoni, akalifungua juu ya meza, akatoa kanga iliyokunjwa vizuri na ndani yake santuri. Alikuwa amezikumbatia kwenye ndege mbili. Alisema kwenye ukaguzi wa Addis walimtaka azitoe, na afisa mmoja mzee alisimama akiyasoma majalada mpaka foleni ikanung'unika, kisha akamwambia azibebe wima, asizilaze.

Mkataba ulikuwa umebakiza siku chache. Sihaba hakungoja nyingine. Alishuka ngazi na kanga mikononi, akagonga mlango.

Baba Liang alifungua mwenyewe, bila fremu sasa, na mkongojo tu. Aliiangalia ile kanga. Sihaba aliifunua. Mzee alichukua ya juu, akapitisha kidole gumba pembeni mpaka kikaingia kwenye pengo, akakiacha hapo. Halafu akarudi nyuma ili Sihaba apite. Lan alikuwa ndani anapasi mashati ya babake. Alizima pasi.

Mzee aliiweka santuri kwenye mashine yake, akashusha sindano baada ya pengo, bila kutazama. Ikaja piano kwanza, kisha gita, kisha ile harmonika iliyoshikwa pamoja na kipaza sauti, nayo ikajaza chumba mpaka kwenye ngazi. Sihaba alisimama. Hakuelewa hata neno moja la yule mwimbaji, lakini safari hii hakusikia mtu anayelalamika. Alisikia mtu aliyefika. Akakaa kwenye kiti cha Lan bila kukaribishwa.

"Siku ile nilipofunga mlango," Baba Liang alisema wimbo ulipokwisha, "sikuwa nimekukasirikia. Ulisema ulizifuta moja moja. Mke wangu naye alizifuta hivyo, kwa kitambaa chake cha kichwani, kabla ya kunipa. Sikutaka unione."

Kisha akamwambia bintiye amletee kalamu, na mkataba uko kwenye droo ya juu. Lan alisimama kidogo na shati mkononi. Akamwangalia baba yake, ambaye tayari alikuwa anageuza santuri upande wa pili, akaenda kwenye droo. Kesho yake mzee alitembea na mkongojo wake mpaka kituo cha polisi, Sihaba upande mmoja na Gharib upande wa pili, akawaambia askari wa zamu kwamba hawa ni wapangaji wake na wafanye haraka, ana kazi nyumbani.

&nbsp;

Zikaendelea kuja, tatu kwa nne, ndani ya kanga na fulana na hata ndani ya mswala wa mtu. Kila zilipofika Gharib alizishusha, na asiporudi mpaka jioni Sihaba hakuuliza. Mara nyingine alishuka yeye mwenyewe na bilauri za chai. Alikwishamjua mtu wa piano. Aliweza kumngoja.

Ikabaki moja, na hiyo haikuja. Dalila alikwepa kwepa kwenye simu, mara msafiri hakuwa na nafasi, mara mvua. Mwisho akakiri. Baba mkwe wake, Mzee Abdulsalam, aliyepiga saksafoni kwenye bendi ya dansi enzi zake, aliiona mezani, akaichukua akaingia nayo chumbani. Ana mashine ya santuri chini ya kitanda. Anasema hawezi kuitoa mpaka aisikie, na hawezi kuisikia kwa sababu mashine haina sindano, na sindano Kariakoo nzima ameitafuta hakuipata. Dalila alikuwa amemsihi, na mumewe amemsihi. Mzee anailaza chini ya mto.

Sihaba alikuwa amemwahidi Baba Liang zote. Alishuka tena ngazi zilezile, akagonga tena mlango uleule, akaeleza kwa Kichina chake cha sokoni kwamba kuna mzee huko kwao, mkaidi, mwanamuziki, na kuna sindano iliyokosekana. Alisema ataipata hata ikibidi apande ndege mwenyewe akainue mto.

Baba Liang alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza ni santuri gani. Sihaba akamwambia ile yenye picha ya mtu mweusi na harmonika, ya kwanza kabisa kufichwa na marehemu mkewe.

Mzee akainuka, akaenda kwenye kabati, akapekua ndani ya kopo la majani ya chai, akarudi na kijiboksi kidogo cha plastiki chenye sindano mpya.

"Mashine yake ni ya aina gani?" aliuliza. "Hata hivyo, hii huingia nyingi. Mwambie aanzie baada ya pengo. Akishaisikia vya kutosha, ndipo airudishe. Asiharakishe."

Sihaba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Baba Liang akacheka kwa kuwa yeye anacheka. Jumamosi ile mzigo mwingine ulikuwa unafungwa. Mzee alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, kwa mara ya kwanza tangu nyonga, anapumzika kila kituo, akakaa kwenye kochi aone sindano yake inasafirije. Boksi lilikuwa tayari limefungwa gundi. Sihaba alichukua kalamu ya wino, akaifungua, akainama kuandika herufi zake.

"Ngoja," alisema Baba Liang. "Fungua kwanza."

Sihaba akabandua gundi. Wakainama wote wawili, wakatazama: soksi za watoto, na katikati yake, ndani ya kopo la chai, sindano. Mzee akatikisa kichwa kuridhia, naye Sihaba akafunga tena, akaandika.